Mmomonyoko wa udongo katika miinuko ya Hanang na Mbulu

Mmomonyoko wa udongo ni kuondolewa kwa tabaka la juu la ardhi na maji au upepo. Katika mashamba ya miinuko ya mkoa wa Manyara, kama ya Endasak wilayani Hanang, hatari kubwa ni mvua za mwanzo zinazokuta shamba tupu: plau imepita, mabua yameliwa na mifugo, mahindi hayajaota. Matone hupasua udongo, vumbi lake huziba vitundu vya ardhi, na maji yakikosa pa kupenya huteremka na tope.

Makorongo ndiyo huonekana, lakini mavuno huanza kupungua kabla hayajachimbika. Udongo wa unene wa milimita moja tu, ukitoka kwenye hekta nzima, una uzito wa tani 10 hadi 13, na mwenye shamba huenda asiutambue. Huondoka pamoja na mboji, naitrojeni na fosforasi. Kinachosalia ni udongo wa kina kifupi usiotunza maji, hivyo mvua ikikatika siku chache mahindi ya mteremkoni hunyauka mapema kuliko ya bondeni. Mbolea ya dukani huongeza virutubisho, kina hairudishi.

Maporomoko ya Mlima Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani, ni jambo jingine: hapo mteremko ulikatika kwa ghafla. Wala mmomonyoko si wa milimani pekee. Kwenye tambarare za Basotu, wilayani Hanang, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma NAFCO yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada katika malisho ya Wabarabaig yalichimbika makorongo.

Kinga inajulikana zamani. Wairaqw wa Kainam, Mbulu, wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi kwa matuta, mifereji na samadi ya ng'ombe wanaolala ndani ya nyumba. Njia nyingine ni fanya juu: mtaro huchimbwa kwa kufuata kontua, udongo hutupwa upande wa juu, na tuta hupandwa majani ya malisho. Kazi yake ni nzito, tena haifai kufanywa na mmoja. Shamba la juu likiachwa bila makinga maji, mkondo wake hubomoa matuta ya majirani wote wa chini.