Picha ya Jana Juu ya Shimo la Leo

Kijana wa Shinyanga akiona miti ya ngitili leo, anadhani ipo tangu enzi. Haipo tangu enzi. Wakoloni walifyeka misitu ili kumfukuza mbung'o, mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe yakamalizia iliyobaki, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipopita aliikuta nchi inaelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ukafufua desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho wakati wa masika. Ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa karne hii zilizidi 300,000.

Basi nani atamwonyesha kijana huyo jangwa lenyewe? Hapo ndipo picha inapotakiwa.

Jibu moja linatoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Lubumbashi, mji wa shaba na wa Kiswahili. Sammy Baloji, aliyezaliwa huko mwaka 1978, alichukua picha za zamani za kampuni ya madini: vibarua na mabwana wa kikoloni. Akazikata kwa kompyuta, akazibandika juu ya picha alizopiga mwenyewe za viwanda vilivyokufa na vilima vya taka. Watu ni weusi na weupe wa picha za kale, ardhi ina rangi ya leo. Kazi hiyo, Mémoire, ni ya mwaka 2006. Ukiitazama huwezi kusema uharibifu umeshuka kutoka mbinguni: wenyewe hao hapo, wamesimama juu yake.

Sasa tugeukie Geita. Dhahabu ilichimbwa pale tangu miaka ya 1930 mpaka 1966. Mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mkubwa wa mashimo ya wazi. Pembeni, wachimbaji wadogo hushika dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake ni sumu, na kamera haiuoni. Lakini kamera inaona mikono mitupu ndani ya karai, tope linaloelekea mtoni, mlima uliokuwepo mwaka jana.

Hebu vijana wa Geita na Kahama, simu mnazo. Pigeni pale pale kila mwaka, andikeni tarehe na jina la kijiji. Siku mtu akiuliza mlima umekwenda wapi, asijibiwe kwa maneno matupu.