Mlango wa Jikoni: Usawiri wa Weusi katika Futuhi za Mapenzi za Hollywood

Azma ya makala haya ni kuchunguza jinsi Waamerika Weusi walivyosawiriwa katika futuhi za mapenzi za Hollywood, hasa zile za miaka ya 1930. Swali linalotuongoza ni hili: ikiwa utanzu huu aghalabu huishia katika ndoa, ni nani aliyeruhusiwa kuoa na kuolewa?

Wahakiki wengi huusifu utanzu huu kwa moyo wake wa usawa. Katika It Happened One Night (1934) ya Frank Capra, binti wa tajiri na mwandishi wa habari aliyepoteza kazi wanasafiri pamoja, wanagombana na hatimaye wanapendana. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, filamu hii iliwaonyesha watazamaji kwamba ukuta baina ya tajiri na maskini unaweza kubomolewa. Ukuta wa rangi, hata hivyo, ulibaki wima.

Ukuta huo ulikuwa na misingi miwili. Wa kwanza ni kanuni za maadili za studio, zilizotungwa mwaka 1930 na kuanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 1934 chini ya Joseph Breen. Kanuni hizo zilikataza kuonyesha uhusiano wa kimapenzi baina ya Weupe na Weusi, na katazo hilo halikuondolewa hadi mwaka 1956. Msingi wa pili ni soko. Wenye studio walichelea hasara katika majimbo ya Kusini, ambako ubaguzi ulikuwa sheria. Mwaka 1947, kwa mfano, bodi ya udhibiti ya Memphis, chini ya Lloyd Binford, iliikataa filamu Curley kwa kuwa iliwaonyesha watoto Weusi na Weupe katika shule moja.

Yafaa tukumbuke, lakini, kwamba kanuni hazikumkataza Mweusi kumpenda Mweusi mwenzake. Kama hata penzi hilo halikupewa nafasi katika futuhi hizi, basi sheria peke yake haitoshi kuwa kisingizio. Mtumishi Mweusi alifanywa mhusika bapa: anajua siri zote za wapendanao, ilhali yeye mwenyewe hana siri, hana mchumba wala hana kwake.

Tutazame Alice Adams (1935) ya George Stevens. Familia isiyo na uwezo inamwajiri Malena, anayeigizwa na Hattie McDaniel, kwa jioni moja tu ili imvutie kijana wa tabaka la juu. Usiku una joto kali. Chakula nacho ni kizito na cha moto. Malena anatafuna ubani, kofia yake inateleza, naye hafanyi haraka. Juu juu tunachekeshwa na uzembe wake. Tukitazama kwa makini, tutagundua kinaya: ni yeye pekee mezani pale asiyejifanya. Ukaidi wake ndio unaoufichua unafiki wa waajiri.

Filamu hii ilitokana na riwaya ya Booth Tarkington ya mwaka 1921, ambamo Alice anampoteza mpenzi wake na kuelekea chuo cha biashara. Studio ilibadilisha hatima hiyo ili Alice apendwe. Kwa hiyo Hollywood iliweza kuupindua msuko ilipotaka. Haikuona haja ya kufanya hivyo kwa ajili ya Malena, anayetoweka vyombo vinapoondolewa.

McDaniel alipata tuzo ya Oscar mwaka 1940 kwa uigizaji wake katika Gone with the Wind, akiwa Mweusi wa kwanza kuipata. Usiku huo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake Weupe.

Kwa kuhitimisha, uhakiki wa futuhi hizi haupaswi kuishia sebuleni, wanakokumbatiana wapendanao. Hauna budi kuuliza pia ni nani aliyepitia mlango wa jikoni, na kwa nini hatukuambiwa alikwenda wapi baada ya kazi.