Tumbaku na Dawa ya Sumu ya Neva

Nyangoto, katika wilaya ya Tarime nchini Tanzania, hutajwa zaidi kwa dhahabu ya Nyamongo, lakini katika wilaya za Tarime na Serengeti hulimwa pia tumbaku. Anayechuma majani yake yangali na umande huweza kushikwa na kizunguzungu na kutapika, kwa kuwa nikotini hupenya ngozini na kuvuruga ujumbe wa neva. Ujumbe uleule wa neva ndio unaovurugwa, kwa ukali zaidi, na sumu za oganofosfeti.

Mwaka 1936, Gerhard Schrader, mkemia Mjerumani aliyekuwa akitafuta dawa ya wadudu, aligundua tabuni, sumu ya aina hiyo iliyogeuzwa silaha. Miaka miwili baadaye ikaja sarini. Silaha hizo na viuatilifu vya shambani vya oganofosfeti ni ukoo mmoja. Vyote hukifunga kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva ukishafika. Kikifungwa, ujumbe haukomi: mboni za macho husinyaa zikawa kama tundu la sindano, mate na jasho hutiririka, mapafu hujaa ute, pumzi hukatika. Atropini, ambayo nayo asili yake ni mmea, hutuliza dalili hizo lakini sumu yenyewe haiigusi.

Damu ya binadamu ina kimeng'enya kingine, butirilikolinesterasi, kinachoinasa sumu kabla haijafika kwenye neva. Ila molekuli moja hunasa moja tu, hivyo dozi ya mtu mmoja huhitaji damu ya wachangiaji wengi. Ndipo Tsafrir Mor na wenzake wa Arizona State University walipogeukia Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku mwenye asili ya Australia. Bakteria wa udongo, Agrobacterium, hubebeshwa jeni ya binadamu na kuiingiza katika seli za mmea. Majani husagwa, kimeng'enya kikachujwa. Mwaka 2010 walionyesha kuwa kimeng'enya hicho kiliwakinga wanyama wa jamii ya panya dhidi ya sumu za neva. Aina iliyorekebishwa ili iivunje sumu yenyewe haikuwakinga. Aina nyingine, ya kuvunja kokeini, nayo imetengenezwa katika mmea huohuo.

Hofu ya silaha ndiyo iliyousukuma zaidi utafiti huu, ingawa sumu hizi huua wengi zaidi vijijini, kwa viuatilifu. Kimeng'enya cha majani bado hakijawa dawa ya hospitali. Kwa sasa, aliyemwagikiwa na kiuatilifu cha bomba la mgongoni huvuliwa nguo, huoshwa kwa maji na sabuni, kisha huwahishwa kwenye atropini.