Kilemba Cheupe: Wakorino na Historia ya Kukataliwa Nyanda za Dundori

Dundori iko juu ya ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, kwenye barabara itokayo Lanet kwenda Ol Kalou. Ni nchi ya baridi, viazi, njegere na ng'ombe wa maziwa, na wengi wa wakazi wake ni wajukuu wa watu waliofika kutoka kwingine. Kabla ya ukoloni malisho haya yalikuwa ya Wamaasai. Mkataba wa 1904 uliwahamisha kutoka bondeni ili walowezi wa Kizungu wapewe mashamba, na Wakikuyu waliokuja nyuma yao kutafuta kazi na malisho hawakuimiliki ardhi hiyo wao pia. Walikuwa maskwota.

Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka, naye aruhusiwe kulima kipande cha ardhi na kufuga. Katika misitu ya serikali aliruhusiwa kupanda mahindi na viazi katikati ya miche ya miti. Miti ikikua, alihamishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walowezi walipunguza kwa nguvu mifugo ya maskwota, msako ambao maskwota waliuita kifagio. Kufikia miaka ya 1930 Wakikuyu zaidi ya 100,000 waliishi hivyo katika Bonde la Ufa, na ukoo uliobaki nyumbani Kiambu au Murang'a mara nyingi ulikuwa umekwisha kugawana ardhi bila wao. Hapa walikuwa wageni, na kule walikuwa wamesahaulika.

Kanisa lingeweza kuwa kimbilio, lakini nalo lilikuwa na mlango wake na bawabu wake. Mwaka 1929 misheni kadhaa za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu, ikiwemo ile ya Waskoti, ziliwataka waumini watie sahihi ya kukana tohara ya wasichana. Waliokataa walitengwa na ushirika, na watoto wao wakafukuzwa shuleni. Wengi wa hao walianzisha shule na makanisa huru. Kundi moja dogo, lililokwisha kuanza kuonekana miaka michache nyuma, lilikwenda mbali zaidi.

Hao ndio Arathi, manabii, ambao leo hujulikana kwa jina la Wakorino. Walitokea kati ya 1926 na 1930, wakati uleule Agano Jipya lilipotoka kwa Kikuyu, mwaka 1926. Mkulima asiye na mwalimu wala mchungaji sasa aliweza kusoma mwenyewe habari za Roho Mtakatifu kuwashukia watu wa kawaida. (Aliyetaka Agano la Kale lote ilibidi alitafute katika lugha nyingine, Kiswahili ikiwa mojawapo, maana Biblia kamili ya Kikuyu ilitoka 1951.) Arathi waliacha nguo na vyombo vya Kizungu, wakakataa dawa za hospitali, wakafunga vilemba, wakaomba wakiwa wameinua mikono huku miili ikitetemeka. Majirani waliwaona wendawazimu. Serikali iliwaona hatari: Februari 1934 polisi walipambana na kundi lao katika msitu wa Ndarugu, na nabii Joseph Ng'ang'a akauawa kwa risasi pamoja na wenzake wawili. Jomo Kenyatta aliwapa nafasi katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, akiwaita Watu wa Mungu.

Imani hii ilimfanyia nini mtu aliyekataliwa? Haikumwondolea kukataliwa, kwa kweli ilimwongezea. Ilichobadilisha ni nani mwenye haki ya kumkubali. Kwa misheni, kukubaliwa kulipitia darasani, kwenye mtihani wa katekisimu na kwa neno la mmisionari. Kwa Arathi kulipitia ndoto, maono na toba iliyotamkwa mbele ya wote, na makundi yao mengi yalibatiza kwa kuwekea watu mikono bila maji. Skwota asiyejua kusoma na mwanamke asiye na sauti mbele ya wazee wangeweza kupewa unabii, na wakitabiri walisikilizwa. Kilemba kilifanya kazi ya pekee. Kilimtenga mtu hadharani, lakini kwa hiari yake mwenyewe, na popote alipokwenda kilimtambulisha kwa ndugu ambao wangempokea na kumpa chakula. Kwa watu waliohamishwa kutoka shamba hadi shamba, kanisa lisilohitaji jengo wala kiwanja lilikuwa na maana kubwa. Ngoma, chumba na watu kadhaa waliovua viatu vilitosha.

Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 iliwaletea masaibu mapya. Maelfu ya Wakikuyu walifukuzwa Bonde la Ufa na kurudishwa katika hifadhi zilizotengewa kabila lao, walizoziacha zamani. Muumini aliyekataa kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau kwa sababu ya dini alishukiwa nao, na kwa kilemba na ndevu zake alishukiwa na askari pia.

Uhuru ulipokaribia, ardhi ya walowezi ilianza kununuliwa. Serikali ilikata baadhi ya mashamba kuwa ya wakulima wadogo, na makampuni ya kununua ardhi yakakusanya hisa za maskini na kugawa mengine, hasa katika Nakuru na Nyandarua. Wakorino walikuwa miongoni mwa waliopata viwanja, na Nakuru ikawa mojawapo ya ngome zao. Makanisa yao yalisajiliwa kwa majina mengi, mengi yakitaja Roho Mtakatifu, na yaligawanyika mara kwa mara kwa sababu ya Sabato, mavazi na uongozi.

Hapo pana upande ambao masimulizi ya sifa huuruka. Jamii iliyojengwa na waliotengwa ilijifunza kutenga. Aliyekwenda hospitali aliweza kuondolewa katika ushirika, na mama mwenye uchungu wa kuzaa alibaki nyumbani akiombewa. Katika familia nyingi watoto hawakupelekwa shule, hata nchi ilipohitaji makarani na wauguzi, na wakakosa kazi hizo. Faraja waliyoipata wazazi ililipwa kwa sehemu na watoto wao. Mabadiliko yaliletwa zaidi na Wakorino wenyewe: vijana waliosoma walidai elimu na matibabu bila kuvua kilemba, na makanisa mengi yakalegeza masharti. Leo wapo walimu, wafanyabiashara na waimbaji maarufu wa nyimbo za injili wenye vilemba vyeupe. Yapo pia makundi madogo ambayo hadi sasa hayagusi dawa.

Kukataliwa na watu wa nje hakujaisha. Wanafunzi wa Kikorino wamewahi kuamriwa wavue vilemba katika shule zilizoviona kama uvunjaji wa sare. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi, kazi au huduma kwa sababu ya imani yake, na mzazi wa Kikorino anayezuiwa mlangoni mwa shule ana haki ya kuitaja ibara hiyo mbele ya mwalimu mkuu.