Saa 51 Mbele ya Kufuli

Kwa miaka na mikaka, kufuli moja lilikaa dirishani mwa duka mtaa wa Piccadilly, London, likichokoza wapita njia. Lilikuwa la Joseph Bramah, fundi aliyepata hataza ya kufuli lake mwaka wa 1784. Ahadi yake ilikuwa wazi: ukitengeneza kifaa cha kulifungua, unalipwa gini 200, yaani pauni 210. Bramah akafa mwaka wa 1814, kufuli bado limefungwa, pesa bado ziko.

Mwaka wa 1851 London ikaandaa Maonyesho Makuu, na Mmarekani Alfred Charles Hobbs akavuka bahari kuuza makufuli. Mbinu yake ya soko ilikuwa noma: kabla akuuzie lake, anakufungulia lako. Alianza na la Chubb, lile ambalo ukilichokora vibaya linajikwamisha, ili mwenyewe akirudi na ufunguo ajue kuna mtu alijaribu. Hobbs alilimaliza kwa dakika kama 25. Ule ujanja wa kujikwamisha ndio uliomwonyesha njia.

Kisha akalifuata la Bramah. Alipewa chumba, kufuli likabanwa kwa mbao, akaachiwa tundu la ufunguo tu. Ndani kulikuwa na vibao 18 vya chuma, kila kimoja kikitaka kusukumwa kina chake, si zaidi si pungufu. Ilimchukua saa 51, katika siku 16. Likafunguka. Kampuni ikalalamika: ni mwizi gani hupewa nafasi kama hiyo? Waamuzi wakasema alipwe, na akalipwa.

Watu wengi husimulia kisa hiki kumsifu Hobbs. Mimi nasimama na lile lalamiko. Kampuni ilishindwa kesi, lakini ilisema ukweli ambao tangazo la dirishani halikuwahi kusema: kufuli halizuii mtu, linamchelewesha tu. Unanunua muda. Na muda una maana pale tu kuna mtu wa kuona.

Huku kwetu muda wenyewe ni mfupi. Kufuli la mia mbili halihitaji Hobbs. Msumeno wa chuma unatosha.

Nilipoacha chuo nilihamia ploti moja ya vyumba vya kukodi. Usiku mmoja ufunguo ulipotea, nikaazima msumeno kwa fundi wa welding pale stejini, nikaanza kukata. Kelele ilijaa korido nzima. Milango ilikuwa kumi, taa zinawaka, TV zinaongea. Hakuna hata mmoja aliyechungulia kuuliza, “Wewe ni nani, na hiyo ni nyumba ya nani?”

Niliingia haraka sana. Hiyo haraka ndiyo ilininyima usingizi.

Asubuhi nilinunua kufuli lingine, bei ile ile. Halafu nikagonga mlango wa jirani nikamwambia jina langu.