Soko la Newtown

Katika mtaa wa Newtown, jijini Johannesburg, Afrika Kusini, limesimama jumba refu lililojengwa mwaka 1913 kuwa soko la mazao. Mwaka huo huo utawala wa walowezi ulipitisha Sheria ya Ardhi, iliyowabakishia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya nchi yao. Matunda na mboga vikauzwa sokoni, na ardhi iliyovizaa ikafungwa kwa wenyewe.

Lakini kisa cha mahali hapo kilianza kabla ya soko. Machi 1904 tauni ilizuka katika makazi ya Wahindi na Waafrika ya eneo hilo. Wakuu wa mji waliwahamisha watu, wakayateketeza makazi kwa moto, kisha wakawapeleka Waafrika Klipspruit, mbali na mji, karibu na shamba la maji taka. Ajabu ya tiba hiyo ni kwamba tauni ilikwisha, bali Waafrika hawakurudishwa. Klipspruit ndiyo iliyokuwa chimbuko la Soweto.

Mwaka 1974 soko lilihamia City Deep. Barney Simon, Mannie Manim na wenzao wakaligeuza jengo la soko la matunda kuwa jumba la michezo ya kuigiza, Market Theatre, lenye pia mahali pa kuonyeshea picha. Mchezo wa kwanza ulionyeshwa Juni 21, 1976. Siku 5 kabla yake, polisi wa makaburu walikuwa wamewamiminia risasi wanafunzi wa Soweto. Askari hukabidhiwa silaha ili amlinde raia. Siku ile ilielekezwa kwa watoto waliovaa sare za shule. Ndani ya soko kuukuu, weusi na weupe waliketi safu moja, jambo ambalo sheria za ubaguzi zilikataza.

Juni 13, 1977, katika barabara ya Goch, mtaani humo humo, Solomon Mahlangu alikamatwa. Alikuwa kijana aliyeondoka nchini baada ya Soweto, akapata mafunzo ya kijeshi Angola na kurejea na silaha. Raia wawili waliuawa katika mapambano hayo. Aliyewapiga risasi ni mwenzake. Hata hivyo Mahlangu alinyongwa Pretoria Aprili 6, 1979. Wapigania uhuru wa ANC wakaipa jina lake shule yao ya Mazimbu, Morogoro, walikosomea vijana wengi waliokimbia risasi zile zile.

Mwaka 1989 mpiga picha David Goldblatt alianzisha Newtown shule ya upigaji picha, iliyowapokea vijana weusi ambao vyuo vingine viliwafungia milango. Mwaka 1994, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa watu wote, sehemu kubwa ya soko ilifunguliwa kuwa makumbusho, Museum Africa. Humo zilitundikwa picha za kesi ya uhaini ya 1956 hadi 1961, mahali palipokuwa pakipimwa viazi.

Barabara ya Goch nayo ilibadilishwa jina. Sasa inaitwa Henry Nxumalo, mwandishi wa jarida la Drum aliyejitia gerezani kwa makusudi ili aandike jinsi wafungwa walivyopigwa.