Umeshinda? Poa, Lakini Huingii

Wasee, tuongee raga. Si ile ya Shujaa ya wachezaji 7. Naongelea raga ya wachezaji 13 kila upande, ile ya kaskazini mwa Uingereza. Ilizaliwa 1895 kwenye hoteli moja mjini Huddersfield. Wachezaji wengi walikuwa watu wa migodi na viwanda, na ukienda mechi Jumamosi unakosa mshahara wa siku. Vilabu vikaomba ruhusa ya kuwalipa fidia, wakubwa wa raga wakasema zii. Vikajitoa. Yaani huu ni mchezo wa watu waliofungiwa mlango, ndo maana kilichofuata kinaniuma.

1995 Keighley walichukua ubingwa wa daraja la pili. Kawaida unapanda, si ndio? Lakini doh ya televisheni ilikuwa imeingia, Super League ikapangwa kuanza 1996, na Keighley hawakuwekwa. 1999 Hunslet wakashinda fainali ya daraja la chini 12-11 dhidi ya Dewsbury. Wakakataliwa ati uwanja haufiki masharti. Mwaka uliofuata Dewsbury wenyewe wakashinda, wakaambiwa hivyo hivyo!

2009 wakaleta leseni kabisa. Hakuna kupanda, hakuna kushuka, unapewa miaka 3. Wanaotetea leseni wana hoja, sikatai: timu inayoogopa kushuka hununua wakongwe wa kuiokoa na kuwaacha vijana kwa benchi, na inayotaka kupanda hukopa mpaka izame. Sawa. Lakini angalia leseni zilienda wapi. Widnes walinyimwa, sababu kubwa ikiwa historia yao ya pesa. Celtic Crusaders wa Wales wakapewa, wakashinda mechi 3 pekee kati ya 27, wakahamia Wrexham 2010, na 2011 wakajiondoa kwa sababu ya pesa hizo hizo. Wakefield walifilisika 2011, Bradford 2012, wote wakiwa na leseni mkononi. Na Featherstone, kamji ka makaa ya mawe, waliongoza daraja la pili miaka 3 mfululizo, 2010 hadi 2012. Walipanda? Wapi!

Kupanda na kushuka kulirudi 2015. Sasa kuna mfumo mwingine, wa alama 20 kutoka kwa kampuni ya IMG: mashabiki, fedha, uwanja, hata idadi ya watu wa eneo lako. Matokeo ya mechi ni sehemu tu. Mji mdogo utazaa watu wengine wapi?

Shujaa walishuka 2023 wakiwa London, wakarudi 2024 wakiwa Madrid kwa kuipiga Ujerumani. Hakuna aliyeuliza Nairobi ina viti vingapi.

Linganisha na London Broncos. Oktoba 2023 walishinda fainali ugenini Toulouse, wakapanda. Mwezi huo huo alama za majaribio zikatoka: nafasi ya 24. Kwa hivyo walicheza msimu mzima wa 2024 wakijua wanatoka tu. Manze, hebu fikiria kuamka kwenda mazoezi na hiyo kichwani. Mwisho wa msimu, London walikuwa na ushindi wa mechi 3, na Hull FC pia 3. Hull wakabaki. London wakatolewa, nafasi wakapewa Wakefield, ambao angalau walikuwa wameshinda daraja lao.